Nyambizi ya Nne

Walimleta Tona Bajada kituo cha polisi saa mbili asubuhi akiwa bado na aproni yake iliyolowa. Askari wawili wa jeshi la majini walikuwa wamemkamata uani kwake Gżira, povu likiwa bado ndani ya beseni, na mmoja wao alibeba ushahidi kwapani: blanketi jekundu, limekunjwa vizuri kama la dukani.

Inspekta Wistin Xerri alimwonyesha kiti. Wistin alikuwa mtu mrefu wa miaka hamsini na ushei, na kama kila mtu Malta mwaka ule wa 1942, koti lake lilikuwa limemzidi kwa saizi mbili.

Dirishani alisimama Kamanda Aldridge, mkubwa wa kambi ya nyambizi. Hakutaka kukaa.

"Nyambizi tatu kwa wiki tano," alisema. "Upcott haikurudi. Tamsin haikurudi. Redio ya Roma imejisifu kwamba ndege zao ndizo zilizozizamisha, mchana kweupe, zikiwa chini ya maji. Ulverley imerudi juzi na maiti wawili. Na kila moja ilipotoka, mwanamke huyu alianika blanketi jekundu kwenye roshani inayoitazama kambi yangu. Mahakama ya kijeshi inakaa Ijumaa, Inspekta. Mimi nataka tu maelezo yake kwa lugha yake."

Wistin akamgeukia mama yule. "Mama Tona, unajua unashtakiwa nini?"

"Eti nawapungia Wataliano blanketi!" Tona akaipiga aproni yake. "Mimi? Wale walioiangusha nyumba ya dada yangu akiwa ndani? Muulize huyo mzungu wako ana akili timamu."

"Blanketi ni la nani?"

"La mabaharia. Mimi ni dobi wao. Kambi nzima inanijua, yeye tu ndiye hanijui, maana nguo zake anafuliwa kwingine."

"Kwa nini unalianika siku wanapoondoka?"

"Sasa ulitaka nilifue wakiwa wamejifunika?" Alimtazama Wistin kama anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Siku ya kutoka ndiyo wanayoniletea mafurushi. Huko chini hawaogi, hawabadili nguo. Wakirudi wanakuta safi. Hivyo hivyo kwa nyambizi zote nne."

Kalamu ya Wistin ikasimama.

"Nne?"

"Upcott, Tamsin, Ulverley na Saxby. Saxby wana mablanketi mawili mekundu. Nimeyaanika yote mawili mara tatu, na mara tatu vijana wamerudi wanacheka."

Wistin akamfasiria Kamanda neno kwa neno, kisha akauliza, "Saxby imewahi kushambuliwa?"

"Hata kuonekana haijaonekana," alisema Kamanda taratibu.

"Na nahodha anaijua lini njia yake?"

"Akishafika baharini. Amri ziko ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri."

"Basi blanketi lingemwambia adui kwamba nyambizi imetoka. Lisingemwambia iko wapi, maili mia moja kutoka hapa, siku tatu baadaye. Na kama ni ishara, Saxby yenye mablanketi mawili ingekuwa ya kwanza kufa." Wistin alifunga daftari. "Kamanda, usiniulize ni nani aliyezisaliti zile tatu. Niulize ni nini kilichoiokoa ya nne."

Aldridge aligeuka kutoka dirishani. "Ulverley inatoka tena Ijumaa jioni," alisema. "Leo ni Jumatatu. Mama huyu atabaki ndani mpaka uniletee jibu."

"Nina sufuria la maharage motoni," alisema Tona alipofasiriwa.

"Tutalitoa, Mama."

"Litoe wewe mwenyewe. Huyo sajini wako hapo mlangoni atayala maharage."

* * *

Ulverley ilikuwa imefungwa chini ya ukuta wa kambi, imefunikwa kwa nyavu za kuificha. Nahodha wake, Luteni Fenner, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye macho ya mtu wa arobaini. Alimpokea Wistin juu ya sitaha na hakupoteza maneno.

"Bahari ilikuwa imelala. Hakuna upepo, hakuna hata kunyanzi la maji. Tulikuwa futi arobaini na tano, tunakwenda polepole. Ndege ile haikuzunguka kututafuta, Inspekta. Ilikuja moja kwa moja kama mtu anayekwenda dukani. Bomu la kwanza lilizima taa. La pili likatuua watu wawili."

"Ulikuwa unavuja mafuta? Mafuta juu ya maji yanaacha njia."

"Hilo ndilo wazo la kwanza tulilolipata sisi pia."

Fundi mkuu akaitwa. Alimpitisha Wistin kwenye matangi yote, vali moja baada ya nyingine, na kumpa taa amulike mwenyewe. Matangi yalikuwa makavu kwa nje. Wistin akafuta ile habari daftarini.

Waliporudi juu, king'ora kililia. Wote wakalala kifudifudi pale pale sitahani, chini ya ukuta, huku mabomu yakianguka upande wa gati, na vumbi la mawe ya manjano likawafunika. King'ora cha usalama kilipolia, Wistin aliinuka na kujikung'uta. Lakini viganja vyake vilikuwa na vumbi la aina nyingine. Lilikuwa la buluu, jepesi kama unga.

Alipiga goti na kupitisha kidole juu ya sitaha ya Ulverley. Kidole kikatoka kimepauka. Akakinusa.

"Mmepakwa lini?"

"Mwezi wa Machi. Buluu nzito, ndiyo inayofaa bahari hii. Maji ya huku ni kama kioo, rubani anaweza kuona jiwe chini. Ikiwa nyambizi si ya rangi ya kilindi, imekwisha."

"Ilikuwa nzito hivi?"

Fenner alitazama sitaha. "Ilipokuwa mpya ilikuwa nzito kabisa. Tuliporudi juzi imepauka, nilidhani ni chumvi."

"Marehemu baba yangu alikuwa na mashua," alisema Wistin. "Kila mwaka baada ya Pasaka tuliipaka upya, na rangi ilikuwa unga na mafuta ya kitani. Mafuta ndiyo yanayoushika unga. Rangi hiyo ukiipitishia kidole baada ya mwezi, kidole kinarudi safi. Hii ya kwako haina harufu ya mafuta. Ina harufu ya gundi." Akasimama. "Upcott na Tamsin zilipakwa wapi?"

"Hapa hapa, pamoja na sisi. Kontrakta mmoja."

"Na Saxby?"

Fenner alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema, "Saxby ilipakwa Aleksandria."

* * *

Kamanda Aldridge hakuwa mtu wa kuamini vidole. Alitaka kuona. Kwa hiyo Jumanne asubuhi walikuwa juu ya majabali ya Żurrieq, yeye na Wistin na Fenner, bahari ikiwa imelala chini yao kimya, ya buluu hata inaumiza macho. Chini kabisa, mashua ndogo ilielea. Ndani yake Sajini Salvu Debono na mpiga kasia mmoja walikuwa na mabamba mawili ya chuma, moja limefunguliwa kutoka sitaha ya Saxby, jingine kutoka sitaha ya Ulverley, na kila moja lilikuwa na kamba iliyopimwa.

Wistin alipunga kitambaa. Mabamba yakashuka majini kwa pamoja.

Futi kumi, yote mawili yalionekana. Futi ishirini, bamba la Saxby likaanza kufifia. Futi thelathini, likatoweka, likamezwa na rangi ya bahari kana kwamba halikuwahi kuwepo. Kamba zikafika futi arobaini na tano.

Bamba la Ulverley lilikuwa linang'aa kule chini kama sahani ya kaure.

Fenner alivua kofia yake.

"Nilikuwa na marafiki wawili ndani ya Tamsin," alisema baadaye. "Walikwenda vitani ndani ya taa."

"Ni nani kontrakta?" aliuliza Wistin.

"Galdes," alijibu Kamanda. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Indri Galdes, mwenye karakana Marsa. Tunampa unga na mapipa ya mafuta ya kitani, yeye anachanganya na kupaka."

"Mapipa mangapi?"

"Ishirini."

"Basi yako wapi?"

Walishuka kwa njia ya miguu mpaka kwenye gati dogo. Salvu alikuwa ameketi juu ya jiwe, uso umekuwa wa kijani, ameshika tumbo.

"Sajini," alisema Wistin, "bahari imetulia kama maji ya kunawa. Unatapika nini?"

"Si bahari, bwana mkubwa. Ni shemeji yangu." Salvu alifuta midomo. "Alipata chupa ya mafuta ya kupikia huko Ħamrun, akatukaangia maandazi ya maua ya maboga. Kwa njaa hii nani angekataa? Nyumba nzima tunapigania choo tangu jana usiku. Na ladha yake, Mungu anisamehe, kama unalamba mlango."

Wistin alikuwa anakwenda. Akageuka.

"Kama unalamba nini?"

"Mlango, bwana. Mlango uliotoka kupakwa rangi."

"Chupa iko wapi?"

"Nimeibeba. Nilitaka kumrudishia muuzaji kichwani."

Chupa ikatolewa mfukoni mwa koti. Wistin aling'oa kizibo, akaisogeza puani, na mara moja akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Akampitishia Kamanda.

"Nusa, bwana. Hiyo ni mashua ya baba yangu baada ya Pasaka."

* * *

Muuzaji wa Ħamrun alikuwa mjane mwenye watoto wanne na hakuwa na ujasiri wa kudanganya. Kabla Salvu hajamaliza kumuuliza, alikuwa amekwisha kutaja jina na mtaa. Saa tisa alasiri Wistin alikuwa anagonga karakana ya Indri Galdes, nyuma yake Kamanda, Fenner, Salvu na askari sita.

Galdes alitoka akiwa na mikono miwili mbele, tayari kukaribisha. Alikuwa mtu mnene. Malta ile, hiyo peke yake ilikuwa ushahidi.

"Inspekta Wistin! Ndugu yangu! Na Kamanda mwenyewe! Leo jua limechomoza upande gani?"

"Tumekuja kwa habari ya rangi, Bwana Indri," alisema Wistin.

"Rangi gani?"

"Ile uliyoipaka Upcott, Tamsin na Ulverley."

"Kazi safi ile. Niliisimamia mwenyewe. Unga wa Kamanda, mafuta ya Kamanda, jasho langu."

"Mafuta uliyatumia yote?"

"Mpaka tone la mwisho. Mapipa matupu nikayatoa kwa watu wa mahandaki, wakatekea maji."

Wistin aliandika. Kisha akaketi kwenye kibao bila kukaribishwa, akatoa kwenye mfuko wa karatasi mgao wake wa mkate wa siku ile, akaupasua vipande viwili. Akaweka kipande kimoja juu ya meza, akafungua ile chupa, akakilowesha mpaka kikang'aa.

"Hatujala tangu asubuhi," alisema. "Karibu, Bwana Indri. Mkate na mafuta. Kuna raha gani tena duniani?"

Galdes alitazama mkate. "Nimeshiba, ndugu yangu."

"Leo, Malta, mtu ameshiba? Hongera. Basi onja tu, kwa heshima yangu. Ni mafuta ya kupikia, nimeyapata Ħamrun."

"Tumbo langu si zuri."

"Hata la Sajini si zuri. La shemeji yake si zuri. Nimepita hospitali, daktari ameniambia ana watu thelathini na wawili ambao matumbo yao si mazuri, saba kati yao watoto." Wistin akausukuma mkate mbele. "Wao hawakujua ni nini. Wewe kwa nini unaogopa mkate usiojua umelowa nini? Kula."

Jasho lilikuwa limeanza kumtoka Galdes kwenye nyusi.

"Kula, Bwana Indri."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu yale ni..." Akanyamaza. Lakini neno lilikuwa limekwisha kufika mlangoni, na kila mtu mle ndani alilisikia likisimama pale.

Salvu hakungoja. Alikuwa amekwisha kupita nyuma ya karakana, kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mwamba. Kuta tatu za handaki zilikuwa jiwe tupu lenye alama za sururu. Ya nne ilikuwa imepakwa chokaa, nyeupe pe. Salvu aligonga kwa kitako cha bunduki. Ikajibu kwa sauti ya ngoma.

Askari walihitaji dakika kumi kuibomoa. Nyuma yake yalikuwa mapipa kumi na sita ya mafuta ya kitani, yamepangwa safu mbili, na chupa tupu zinazongoja.

Galdes aliketi chini. "Nilidhani rangi ni rangi," alisema. "Gundi na maji, unga ule ule. Ilionekana nzuri. Wakaguzi waliipitisha. Sikumtakia mtu kifo, Wistin, naapa kwa Mtakatifu Publio."

"Ya kwanza hukujua. Nakubali," alisema Wistin. "Lakini Upcott ilipopotea, uliomba ruhusa kambini upewe kazi ya kupaka upya Tamsin na Ulverley, bila malipo. Barua yako ninayo hapa, Kamanda amenipa leo. Mtu kama wewe hafanyi kazi ya bure. Ulikuwa umekwisha kujua."

Galdes alitazama mapipa yake.

"Walikunyima kwa sababu ya haraka. Ungeweza kusema neno moja tu: msitoke. Ulinyamaza, ukaendelea kuuza. Kwa jumla ni watu sitini na wanane, Bwana Indri. Sajini, mfunge."

Fenner alikuwa amesimama mlangoni wakati Galdes akipitishwa. Kila mtu alimtazama kijana yule, na ngumi zake. Hakuinua mkono. Alisema tu, "Mapipa kumi na sita yanatosha, Kamanda?"

"Yanatosha nini?"

"Kunipaka upya kabla ya Ijumaa."

* * *

Tona Bajada aliachiliwa jioni ile ile. Kamanda Aldridge alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa kituo, akavua kofia, akasema kwa Kimalta kibovu alichofundishwa na Wistin njiani kwamba alikosea na anaomba radhi.

Tona alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwambie nimesamehe," alimwambia Wistin. "Na mwambie hiyo lugha aache, asije akamtukana mtu bila kujua."

Jumatano alfajiri walianza. Wapaka rangi wa gati walikuwa wachache, wengine wamekufa, wengine wamelala hospitali, kwa hiyo habari ilipoenea kwamba nyambizi inataka mikono, watu walikuja na walichokuwa nacho. Walikuja waashi wa mahandaki, akina mama wenye vijiti vya kufagilia, seremala mmoja mwenye mguu mmoja, na padri wa Gżira amekunja kanzu mpaka magotini. Mabaharia walikwangua ile rangi ya uongo mpaka chuma kikalia. Fundi mkuu akachanganya unga na mafuta kwa mti mrefu, Wistin amesimama juu yake kama bibi anayesimamia mchuzi, anasema ongeza, ongeza, sasa basi. King'ora kililia mara nne siku ile. Mara nne waliingia mwambani, mara nne wakatoka na brashi zao. Jioni, Ulverley ilikuwa ya rangi ya kilindi, na hewa yote ya bandari ilinuka mafuta ya kitani.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni ilitoka.

Siku kumi na moja zikapita. Hakuna redio, hakuna neno. Redio ya Roma nayo ilinyamaza.

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, mlinzi wa ngome aliona kitu kidogo cheusi kwenye mlango wa bandari. Baada ya dakika tano ngome zote za Valletta zilikuwa zimejaa watu. Walipanda juu ya kuta, juu ya vifusi, juu ya mapaa yaliyobaki. Ulverley iliingia polepole juani, mabaharia wamejipanga sitahani, ndevu za siku kumi na mbili, na juu ya mnara ilipepea bendera nyeusi wanayoitundika wakizamisha meli. Kelele zilizopanda zilikuwa kubwa hata Salvu akaziba masikio, huku yeye mwenyewe anapiga mayowe.

"Meli mbili za mafuta," Kamanda alimwambia Wistin gatini, anacheka kama mvulana. "Mbili! Vifaru vyao vya Afrika vitakunywa mchanga mwezi huu."

Fenner aliruka gatini kabla ubao haujashushwa. Akampita Kamanda bila kupiga saluti, akaja moja kwa moja kwa Wistin na kumshika mabega yote mawili.

"Siku ya nne," alisema, "bahari ilikuwa imelala kama ile mara ya kwanza. Hakuna hata kunyanzi. Nilikuwa kwenye darubini, nikaiona ndege ikitoka juani, chini sana. Hapakuwa na muda wa kuzama zaidi. Nikawaambia vijana, shikeni kitu. Nikamwona rubani, Inspekta. Nilimwona miwani yake. Aliinamisha kichwa akatazama papo hapo tulipokuwa, macho kwa macho na mimi."

"Kisha?"

"Kisha akapita," alisema Fenner. "Alitutazama sisi watu thelathini na watatu, na hakuona kitu ila bahari."